Maana ya Neno Uzushi

Yapo majina ambayo mtu hujipa mwenyewe, na yapo mengine ambayo hupewa na wenzake tu. Mkulima hujiita mkulima, na mhunzi hujiita mhunzi bila haya. Lakini ni nadra kumwona mtu akisimama mbele ya watu na kusema, "Mimi ni mzushi." Jina hili hutoka katika kinywa cha mmoja likamwangukia mwingine, na yule liliyemwangukia kwa kawaida hujiona kuwa yeye ndiye aliyeshika kweli, na kwamba waliomwita hivyo ndio waliopotoka.

Kwa sababu hiyo, kila tulisikiapo neno hili yafaa tuulize maswali matatu. Ni nani aliyelitamka? Alipima kwa kipimo gani? Na baada ya kulitamka, alikuwa na nguvu ya kumtenda nini aliyemtamkia? Msomaji akiyashika maswali hayo, ataweza kusoma historia ya dini na ya elimu pasipo kuchukuliwa na hasira za watu waliokufa zamani.

Swali hili si la vitabuni peke yake. Tutazame Nuu, upande wa mashariki ya Mwingi katika Kitui. Karibu na kilima cha Nuu, siku ya Jumapili, watu wa madhehebu mbalimbali ya Kikristo huenda kila mmoja katika kanisa lake. Na katika nchi hiyo hiyo ya Ukambani wako wazee wajuao maana ya ithembo, mahali patakatifu ambapo wahenga walitoa sadaka ili mvua inyeshe, na wajuao kilumi, ngoma ya pepo ambayo hasa ni ya wanawake. Kijana wa mahali kama hapo aweza kuwa na nyanya aliyecheza kilumi, baba aliye mzee wa kanisa, na mjomba aliyehamia kanisa jingine. Je, ni nani kati yao aliye mzushi? Kijana asipojua maana ya neno, aweza kumtukana mtu wake mwenyewe kwa jina lisilomhusu.

Na tuanze na lugha. Katika Kiswahili, neno uzushi latokana na kitenzi kuzua, yaani kutokeza jambo ambalo halikuwapo. Lina undugu na kuzuka, ambako ni kutokea ghafula, na mzuka, ambaye ni pepo atokeaye mbele ya mtu. Mtu akisema, "Huo ni uzushi tu," mara nyingi hana habari ya dini hata kidogo. Ana maana ya kwamba maneno yaliyosemwa ni ya kubuni, hayana msingi. Basi katika lugha yetu neno moja limebebeshwa mizigo miwili: uwongo uliotungwa, na imani iliyoiacha njia ya wengi. Mtu aitwapo mzushi wa dini, sikio la Mswahili husikia pia kwamba yeye ni mwongo, hata kama anaamini kwa moyo wake wote kila neno alisemalo.

Waarabu wana neno bidaa, ambalo nasi tumelipokea. Asili yake ni kuanzisha kitu kipya ambacho hakikuwa na mfano. Wanavyuoni wa Kiislamu wamebishana tangu kale kama kila jambo jipya ni baya, au kama yako mapya mema na mapya maovu. Na Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, atajwa miongoni mwa waliotofautisha. Katika Lamu, Habib Saleh, aliyefariki mwaka wa 1935, alipoyakuza maulidi yenye matari katika msikiti wa Riyadha, walikuwako waliopinga kwa kusema kwamba ngoma hizo ni bidaa. Hata hivyo maulidi ya Lamu yaliendelea kusomwa, na watu kutoka mbali huja kila mwaka kuyahudhuria. Jambo lililoitwa jipya limekuwa desturi ya wazee.

Neno la Wayunani ni hairesis, na asili yake ni kuchukua au kuchagua. Zamani halikuwa tusi. Mwanahistoria wa Kiyahudi Josephus, aliyeishi katika karne ya kwanza, alilitumia kwa kuyataja makundi ya Mafarisayo na Masadukayo, kama sisi tusemavyo leo madhehebu. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, Paulo ashtakiwapo mbele ya liwali Feliksi, yeye asema kwamba Njia aifuatayo ndiyo ambayo washitaki wake wameipa jina hilo. Na watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka wa 1952 waliandika hapo uzushi. Mtume ambaye maneno yake yametumiwa baadaye kuwapima wazushi alisimama kwanza mahakamani akiitwa hivyo yeye mwenyewe.

Tukiyaweka maneno haya matatu pamoja twaona jambo la maana. Myunani alaumu kuchagua, Mwarabu alaumu upya, na Mswahili alaumu kubuni. Lakini kuchagua si lazima kuwe ni kukosea. Jambo jipya si lazima liwe ovu. Na lile lionekanalo kuwa limebuniwa laweza kuthibitika kuwa kweli.

Mfano wa jambo hilo la mwisho ulitokea katika Kitui. Mwaka wa 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitoka Mombasa akafika Ukambani, kwa Kivoi, mfanyi biashara mkuu wa Wakamba. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa huko Kitui, aliuona kwa mbali mlima wa Kenya na weupe wa theluji katika vilele vyake. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka mmoja kabla yake, tarehe 11 Mei, 1848. Habari hizo zilipofika Uingereza, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amefika huku, alizikana kwa maandishi. Kwake yeye theluji karibu na ikweta haikuwezekana. Katika maana ya kawaida ya Kiswahili, aliwaona wamisionari hao kuwa wazushi.

Lakini theluji haikuyeyuka kwa ajili ya kukanushwa. Baron Carl Claus von der Decken alipanda Kilimanjaro katika miaka ya 1861 na 1862 na kuyathibitisha maneno ya Rebmann. Na Joseph Thomson aliuona mlima wa Kenya kwa karibu mwaka wa 1883. Katika mambo ya namna hii, hukumu ni nyepesi, kwani mlima upo na mwenye shaka aweza kwenda kuutazama. Mambo ya imani hayana mlima wa kutazamwa kwa macho, na ndiyo maana ugomvi wake huwa mrefu.

Sasa tuje katika Kanisa. Kanisa lilipokua, liliona haja ya kusema wazi lile liaminilo. Mwaka wa 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu katika mji wa Nikea, wakaijadili hoja ya kasisi Arius wa Iskanderia, aliyefundisha ya kuwa Mwana hana umilele sawa na Baba. Mkutano uliikataa hoja hiyo na kuandika kanuni ya imani. Tangu hapo hairesis haikuwa tena kundi tu. Ilikuwa ni mafundisho yaliyopimwa kwa kanuni yakaonekana kupungua. Kufikia hapo hapana ajabu, kwa maana kila jamii yenye kanuni ina haki ya kusema, "Hili si fundisho letu." Lakini Arius alipelekwa uhamishoni kwa amri ya Kaisari, na hapo ndipo jambo la pili lilipoingia. Kalamu ya maaskofu ilikuwa imeshikana na upanga wa serikali.

Upanga ukishaingia shaurini, si rahisi kuurudisha alani. Karibu na mwaka wa 385, katika mji wa Trier, Priscillian, askofu wa Hispania, aliuawa kwa amri ya Kaisari Maximus baada ya maaskofu wenzake kumshitaki. Martin, askofu wa Tours, hakuyakubali mafundisho ya Priscillian. Hata hivyo aliupinga sana uuaji huo, kwa kuwa aliona yatosha wazushi kutengwa na ushirika. Martin alijua tofauti ambayo wengi baada yake waliisahau: kukataa fundisho ni jambo moja, na kumwangamiza mwenye fundisho ni jambo jingine.

Sheria ya Kanisa Katoliki hulitumia neno hili kwa uangalifu kuliko watu wa barazani. Mzushi, kwa sheria hiyo, ni mtu aliyebatizwa ambaye kwa ukaidi akana au atia shaka kweli ambayo Kanisa lafundisha kuwa ni lazima kuaminiwa. Mtu aliyeiacha imani yote si mzushi, bali ni mwasi. Waislamu husema ameritadi. Mtu aliyekataa kuwa chini ya uongozi, au kushirikiana na wenzake walio chini yake, ana kosa la farakano. Na mtu ambaye hakubatizwa kamwe hawezi kuitwa mzushi kwa maana hiyo, kwa sababu hakuvunja ahadi ambayo hakuitoa. Aweza kuwa na imani nyingine. Hilo si kosa la uzushi.

Tukiwa na kipimo hicho mkononi, turudi Ukambani tuone yaliyotendeka huko katika siku za ukoloni. Mwaka wa 1911 mwanamke mmoja, Siotune wa Kathuke, alianza kuwavuta watu kwa ngoma ya kilumi, akisemwa kuwa ameingiwa na pepo. Baadaye Kiamba wa Mutuavio alishika uongozi, na lililokuwa jambo la roho likawa pia jambo la siasa: watu walinung'unikia utawala wa wageni na namna walowezi walivyowatenda vibarua wao, na Kiamba akajiwekea askari wake mwenyewe. Serikali ilimkamata na kumhamisha.

Miaka kumi na mmoja baadaye, jambo kama hilo lilitokea tena huko Kilungu, katika sehemu ambayo leo ni Makueni. Ndonye wa Kauti alisema kwamba Mungu husema naye, na kwamba zama mpya zaja ambazo ndani yake utawala wa wageni utaondoka. Watu wengi walimsikiliza. Tukumbuke kwamba miaka ile iliyofuata Vita Kuu ya kwanza ilikuwa miaka ya dhiki katika Kenya yote: kodi ilikuwa imepanda, kipande kilikuwa kimeanza kuvaliwa, na Harry Thuku alikamatwa Nairobi mwezi wa Machi, 1922. Katika mwaka huo huo Ndonye naye alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Siyu, katika kisiwa cha Pate, upande wa Lamu, mbali na vilima vya kwao.

Je, Siotune, Kiamba na Ndonye walikuwa wazushi? Kwa kanuni ya Nikea hapana, maana wao hawakuwa walimu wa Kanisa walioiasi kanuni yao. Kwa desturi ya Wakamba jibu si jepesi zaidi, kwa sababu kuingiwa na pepo na kutabiri havikuwa vitu vigeni katika nchi hiyo. Na serikali iliyowahukumu haikuwa na kanuni ya imani ya kulinda. Ilikuwa na kodi ya kukusanya na amri za kutiiwa. Kosa lao mbele ya serikali lilikuwa ni kuwafanya watu waamini kwamba utawala ule una mwisho. Waliohukumiwa kwa kosa la utii wamesemwa mara nyingi kama kwamba walihukumiwa kwa upotovu wa akili au wa dini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na mwenye kuandika taarifa za serikali huwa ndiye mwamba ngoma.

Mfano wa tatu ni wa kanisa. Mwaka wa 1945 Wakristo wa Kikamba, wengi wao wakiwa wametoka katika misheni, waliunda Kanisa la Undugu wa Kiafrika, ambalo kwa Kiingereza lajulikana kama African Brotherhood Church. Simeon Mulandi alikuwa mwanzilishi wake, na Nathan Ngala aliliongoza miaka mingi akiwa askofu. Waliondoka kwa sababu walitaka Waafrika wajiongoze wenyewe katika kanisa na katika elimu. Biblia waliyoisoma ilikuwa ile ile, na Kristo waliyemhubiri ndiye yule yule. Basi hata mtu aliyewalaumu kwa kujitenga angewaita wenye farakano, wala si wazushi. Baadaye kanisa hilo lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likakaa meza moja na makanisa makongwe ya Ulaya.

Mfano wa nne ndio mzuri kuliko yote, kwa sababu humo hapana askari wala uhamisho. John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango, katika Kitui, tarehe 30 Novemba, 1931. Alisoma Makerere, akaendelea Marekani na Uingereza, na mwaka wa 1963 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, naye akafundisha Makerere kwa miaka kumi hivi. Mwaka wa 1969 alitoa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Siku zile walikuwako waandishi waliozisema dini za wahenga kuwa ni ushirikina mtupu, au kazi ya Shetani. Mbiti alipinga. Alifundisha kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya meli ya mmisionari kutia nanga, na mwaka uliofuata alitoa kitabu kingine alimokusanya mawazo juu ya Mungu kutoka kwa mataifa karibu mia tatu ya Afrika.

Si wote waliofurahi. Byang Kato, mwanateolojia wa Nigeria, ambaye tangu mwaka wa 1973 alikuwa katibu mkuu wa chama cha Wakristo wa kiinjili wa Afrika na Madagaska, aliandika kitabu kilichotolewa Kisumu mwaka wa 1975. Ndani yake alimpinga Mbiti kwa jina. Alihofu kwamba Mbiti alikuwa akielekea kwenye fundisho la kwamba watu wote hatimaye wataokoka, fundisho ambalo makanisa mengi hulihesabu kuwa uzushi. Akahofu pia kwamba Injili ingechanganywa na dini nyingine hata isitambulikane. Hofu yake haikuwa ya upuuzi. Mtu aaminiye kwamba wokovu una njia moja hawezi kunyamaza aonapo njia hiyo ikipanuliwa.

Lakini tazama namna walivyobishana. Kato hakuomba Mbiti afungwe. Aliandika, akataja kurasa, akatoa hoja, na msomaji akaachwa apime. Kato alikufa maji katika pwani ya Mombasa mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1975, akiwa bado kijana. Mbiti aliishi hata tarehe 6 Oktoba, 2019. Hakufukuzwa katika kanisa lake. Aliendelea kuandika, kufundisha na kuhubiri, na mwaka wa 2014, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, alitoa Agano Jipya alilolitafsiri mwenyewe kutoka Kiyunani mpaka Kikamba. Mtu aliyeshukiwa kwamba anaipunguza Injili ndiye aliyeipa lugha ya Mulango na Nuu tafsiri iliyotoka moja kwa moja katika lugha ya asili.

Hiyo haithibitishi ya kuwa Mbiti alikuwa na haki katika kila jambo na Kato alikosea. Wanavyuoni wameendelea kubishana, hasa juu ya fundisho la Mbiti kwamba Mwafrika wa zamani hakuwa na wazo la wakati ujao wa mbali, na Waafrika wenzake ni miongoni mwa waliolikataa. Inathibitisha jambo jingine: kwamba swali la uzushi laweza kuulizwa kwa ukali wote na bado likajibiwa kwa kalamu. Ndonye wa Kauti hakupewa nafasi hiyo. Hakuna kitabu kilichoandikwa kumjibu mwaka wa 1922, aliletewa askari. Na kwa kuwa hakujibiwa, hakushindwa kwa hoja. Aliondolewa tu, na manung'uniko yaliyowavuta watu kwake yakabaki nyuma yake Kilungu.

Basi tumrudie kijana wetu wa Nuu na jamaa zake. Nyanya yake aliyecheza kilumi pasipo kubatizwa si mzushi, maana hakuahidi kuishika kanuni ya kanisa. Mjomba aliyehamia kanisa jingine lenye imani ile ile si mzushi. Kama ana kosa, ni la kujitenga. Baba aliye mzee wa kanisa ndiye peke yake ambaye, akiikana kweli aliyoapa kuifundisha, kanisa lake laweza kumwita hivyo, na hata hapo sharti limsikize kwanza. Kijana aweza kumpinga kila mmoja wao akitaka, na hata kuwaambia kwamba wamekosea; lakini kukosea ni neno pana, na uzushi ni neno jembamba. Aliyelijua jembamba halitupi ovyo kama jiwe.

Neno uzushi si la kufutwa katika lugha. Jamii isiyoweza kusema, "Hili si letu," haina kitu cha kuwarithisha watoto wake. Lakini asemaye hivyo na aonyeshe kanuni yake, na aliyeambiwa na apewe nafasi ya kujibu. Pale ambapo askari hufika kabla ya hoja, mwanafunzi wa historia na aliweke kando neno uzushi, autafute ugomvi wa kodi, ardhi au cheo uliofunikwa nalo.